Nimeshawekewa Dawa

Jumatatu, 3 Machi. Mwisenge, Musoma

Mvua ya kwanza imenikuta sijaanua nguo. Nimezitundika sebuleni, na sasa nyumba nzima inanuka sabuni na ubichi. Kesho tunaanza kazi ya utafiti: Jumanne Butiama, Alhamisi Bunda, siku nyingine maabara hapa Musoma, hadi mwisho wa Mei. Naandika haya kwa sababu nikirudi jioni sina nguvu ya kuongea na mtu, na mtu mwenyewe wa kuongea naye yuko Dodoma kikazi. Siku hizi mimi na mume wangu tunapigiana simu kuulizana kama umeme wa luku umeisha.

Jumanne, 4 Machi

Butiama. Tulipanga meza zetu kwenye kibaraza, pembeni ya kliniki ya sukari. Mtu akimaliza kupimwa sukari anakuja kwangu. Namweleza utafiti, akikubali namtoa damu, kisha anahamia kwa Justina, muuguzi wa macho, ambaye humtia matone ya kupanua mboni ili kamera ione ndani ya jicho hadi nyuma kabisa.

Shida ni kueleza. Maelezo aliyoandika Daktari Gibson, mkuu wa utafiti, yanasema tunachunguza "RNA zisizosimba protini" kwa wagonjwa wa sukari ambao macho yao yanaharibika. Nikayasoma hivyo hivyo, kwa ile sauti yangu ya kusomea masomo kanisani. Mzee mmoja mwenye koti la mvua akanikatiza.

"Simba wameingiaje kwenye sukari yangu? Hawa si wanakaaga Serengeti?"

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikamsomea tena sentensi ile ile. Alikataa kutolewa damu akaenda zake, na wawili watatu wakamfuata.

Alhamisi, 6 Machi

Bunda. Matope, na waliokubali ni wachache tena. Wakati wa kurudi nilipakata boksi la sampuli njia nzima. Damu ikitikiswa sana seli zake hupasuka, na zikipasuka zinamwaga RNA zao ndani ya majimaji ya damu tunayotaka kupima, sampuli inakuwa ya kutupa. Kwa hiyo kila shimo barabarani nalipokea mimi kwa mapaja.

Mniko, dereva wetu, aliniuliza hizo RNA ni kitu gani hasa, maana anazibeba na hakuna aliyemwambia. Nilikuwa nimechoka, nikamjibu lililonijia kinywani.

"Chukulia harusi," nilimwambia. "Kwenye seli kuna RNA zinazopeleka maagizo jikoni, protini ipikwe. Hao ni wahudumu. Halafu kuna nyingine hazipiki chochote. Zamani wataalamu waliziona takataka. Kumbe ni kama shangazi kwenye sherehe. Hapiki, habebi sahani, amekaa tu. Lakini akisema nyama isitoke, haitoki."

"Huyo namjua," Mniko akasema. "Yuko kwetu Tarime."

"Sasa sukari ikikaa juu miaka mingi, mashangazi wengine wanapaza sauti, wengine wananyamaza. Jicho likikosa hewa linaomba mishipa mipya ya damu. Yule wa kusema inatosha hasikiki. Mishipa inaota ovyo, ni laini, inapasuka, damu inamwagika ndani ya jicho. Mtu anapofuka. Sisi tunataka kujua kama kwenye damu ya mkononi tunaweza kuona shangazi amenyamaza kabla mishipa haijaota."

Justina, aliyekuwa amelala kiti cha nyuma, akafungua jicho moja. "Kwa nini hukuwaambia hivyo Butiama?"

Tangu leo kwenye gari letu RNA ni mashangazi. Daktari Gibson asijue.

Jumanne, 11 Machi

Nimetumia mfano wangu wa shangazi Butiama na benchi limeelewa. Wengi zaidi wamekubali. Mmoja wao ni mama Petronila, mkulima wa mihogo na mtama, mjane, kiongozi wa jumuiya yao ya kanisani. Nimempenda kabla hajakaa vizuri.

"Mwanangu, umekonda hivi, huko Musoma mnakulaga nini?"

"Dagaa, mama."

"Dagaa ni chakula. Labda wewe unawaangaliaga tu."

Ameishi na sukari muda mrefu. Jicho la kushoto lina ukungu, la kulia bado zuri, nalo ndilo analosomea Injili kwenye jumuiya. Wengine pale hawasomi vizuri, kwa hiyo jicho lile la kulia linawatumikia watu wengi. Nilimtoa damu bila shida. Justina akamtia matone. Yalipoanza kumwasha akakunja uso.

"Tumekuwekea dawa, mama," nikamwambia. "Vumilia, inafanya kazi."

Picha ikapigwa, akaondoka amejifunika kanga usoni kwa sababu ya mwanga, ameshikwa mkono na binti yake Lucy. Lucy ana ujauzito mkubwa, anatembea ameshika kiuno. Nilipowaangalia wanavyoshuka ngazi niliona aibu kuwa mimi ndiye niliyekuwa nalalamika mgongo asubuhi.

Ijumaa, 14 Machi

Maabara. Umeme umekatika mara mbili. Jenereta imewaka mara moja.

Jumanne, 18 Machi

Majibu ya picha yametoka. Hayo ndiyo tunayowarudishia watu. Ya RNA hayarudishwi, yanaenda kwenye hesabu za Daktari Gibson. Mama Petronila ameota mishipa mipya kwenye macho yote mawili. La kushoto limeathirika zaidi, la kulia linafuata. Anatakiwa Mwanza kwenye matibabu ya leza, mapema, kabla mishipa haijapasuka.

Nilimwita pembeni nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, ameinamisha kichwa, kidole kwenye shavu.

"Nimesikia, mwanangu."

Nikaona nimemaliza. Mtu akikuangalia usoni akasema amesikia, unaendelea na mwingine.

Alhamisi, 20 Machi

Bunda. Mvua imetunyeshea hadi chini ya turubai. Nimekula mhogo wa kuchoma saa tisa alasiri, ndicho chakula cha leo.

Jumanne, 25 Machi

Sijui kimetokea nini Butiama. Tulikuta watu wamejaa kibarazani na wengine wamekaa chini ya ukuta. Wametoka Busegwe, wametoka Kiabakari, wengine hawana hata sukari. Wanasema wamefuata "dawa ya Musoma." Tulichuja hadi sauti ikanikauka. Daktari Gibson nilipompigia simu alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Akasema kwa mwendo huu tunafika tageti ya washiriki kabla ya Mei.

Nami nilifurahi, nisijidanganye. Tukimaliza mapema nitalala.

Jumanne, 1 Aprili

Wengi tena. Miguu imevimba.

Alhamisi, 3 Aprili

Lori lilinasa matopeni karibu na Bunda, tukakaa nyuma yake mpaka barafu ya kwenye boksi ikayeyuka. Seli zimepasuka, majimaji ya damu yote yamegeuka pinki. Maabara, Daktari Gibson aliinua chupa moja kwenye mwanga, akaniuliza kama nilifungua boksi. Hakuuliza kama nilikula. Mtu huyu anapenda vitu vidogo sana: RNA, nukta kwenye grafu, desimali. Binadamu mzima, nadhani, ni mkubwa mno kwake.

Jumanne, 8 Aprili

Nimechelewa kufika nyumbani. Niandike yote.

Mama Petronila alikuwa kwenye foleni. Si pembeni, kwenye foleni, ameketi na wamama wanne wa jumuiya yake wamevaa kanga za sare. Nikadhani amekuja kunieleza habari za Mwanza.

"Mama, karibu. Leza walikufanyia lini?"

"Leza gani?"

"Ya Mwanza. Nilikwambia tarehe zile."

"Mwanza nifuate nini, mwanangu? Nimeshawekewa dawa." Akawageukia wenzake, wakaitikia kwa vichwa. "Nimekuja mniongezee kabla ya Pasaka, maana ile ya kwanza naona inaishaga nguvu. Na hawa nao wawekewe."

Nilimkalisha karibu yangu nikamwomba anieleze taratibu. Akanieleza kwa furaha, kama mtu anayetoa ushuhuda, na kwa kweli alikuwa ameshautoa mara nyingi.

"Siku ile mliponiwekea dawa nilitoka hapa sioni. Lucy alinishika mkono mpaka nyumbani. Jua linanichoma macho, nasema hawa watoto wameniua. Nikalala nalia. Asubuhi nikaamka, naona mlango. Natoka nje, naona majani ya mhogo moja moja. Nikasema, kumbe! Ilikuwa inasafisha. Kwanza inafunga, halafu inafungua. Siku zote nilikuwaga na dawa za kunywa, hazijawahi nifanyia hivyo. Nikawaambia jumuiya. Nikawaambia na watu wa parokia."

Matone yale hayatibu kitu. Yanapanua mboni kwa saa kadhaa, mtu anaona ukungu na mwanga unamuumiza, kisha jicho linarudi lilivyokuwa. Alichokiona asubuhi ile ni jicho lake lile lile la jana. Lakini kwake yeye, alikuwa kipofu jioni na asubuhi akaona. Ningekuwa mimi ningeamini nini?

Nikamwambia. Nilimwambia kwa upole, nimemshika mkono, kwamba yale matone ni ya kusaidia kamera tu.

Akacheka. "Mwanangu, wewe mwenyewe ulisema ni dawa. Ulisema inafanya kazi. Nilikusikia kwa masikio yangu, hayo hayana sukari."

Wamama wanne wakacheka naye. Mimi nilitamani kulia. Kumbe umati wote ule wa Machi, watu wa Busegwe na Kiabakari waliotembea kwenye tope, walifuata neno langu moja. Na yeye muda wote huo mishipa inaota na hakuna anayeizuia.

Nilipomvuta Justina pembeni alikuwa mkali, uchovu umemjaa machoni. "Unataka niiteje? Inatoka kwenye kabati la dawa. Chupa imeandikwa dawa. Miaka yote nasemaga tunakuwekea dawa, na hakuna aliyekufa."

"Huyu atapofuka, Justina."

Akaanza kufuta lenzi ya kamera ambayo ilikuwa safi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeenda ofisini kwa Daktari Gibson kabla hajakaa. Nikamweleza yote. Alinisikiliza akichezea kalamu.

"Maelezo yapo wazi," akasema. "Yamesema hakuna faida ya matibabu kwa mshiriki."

"Yamesema, daktari. Baada ya zisizosimba. Nani alifika mpaka hapo?"

"Na ukiwaambia sasa, nani atabaki? Tumebakiza kidogo, Rhobi. Kidogo sana."

Nikamwambia kuna mama ana jicho moja zuri na ameliacha lioze kwa sababu sisi tulisema dawa. Nilipandisha sauti. Sijawahi kumpandishia sauti bosi. Alinyanyuka akaenda dirishani akasimama pale anaangalia mvua, akaniambia niende maabara.

Nilienda maabara. Nilizungusha damu kwenye mashine mchana kutwa.

Jumanne, 15 Aprili

Wiki Kuu. Nilikuta Daktari Gibson amekaa kiti cha mbele kwenye gari, amevaa mabuti ya mpira, ana mfuko wa maandazi wa gari zima. Hakusema anakwenda kufanya nini. Mniko akanitazama kwenye kioo, nikainua mabega.

Butiama alisimama mbele ya umati akaanza vibaya, na zile zisizosimba zake. Mtu akakohoa. Akaacha. Akavua miwani.

"Sikilizeni," akasema. "Matone tunayowatia machoni si dawa ya kuponya. Hayaponyi. Yanapanua jicho tupige picha, basi. Aliyedhani amepona hajapona. Kosa ni letu sisi, tuliliita dawa. Baba yangu mimi alipofuka kwa sukari, pale Kigera, na alikuwa na dawa za kila aina kwenye kikapu. Aliyeambiwa aende Mwanza, aende. Tafadhali."

Nilikuwa sijui habari za baba yake. Miaka yote hii sijui.

Watu walianza kuinuka. Hawakupiga kelele, walikusanya miavuli na mifuko yao tu, kibaraza kikaachwa na wachache na alama za tope. Kuhusu Daktari Gibson, ninafuta niliyoandika tarehe tatu. Aliondoka na tageti yake imevunjika, na njiani alishika boksi la sampuli kwa mapaja yake mwenyewe.

Lakini mama Petronila hakuwepo. Lucy ndiye aliyekuja kutuona, peke yake, na mguu umemvimba.

"Mama anasema mmemwaibisha. Alishawaambia watu kanisani amepona. Sasa wanamwita muongo. Anasema haendi Mwanza wala haji hapa."

Nilitaka ukweli usemwe, umesemwa, na umempiga mtu yule yule niliyetaka kumsaidia.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilienda misa ya kwanza, nikalala mpaka jioni. Mume wangu amepiga simu, tumeongea vizuri leo.

Jumanne, 22 Aprili

Baada ya kliniki nilienda kwa mama Petronila kwa miguu. Akanikaribisha, akanipa uji wa mtama, akakaa mbali nami kidogo. Heshima zote zilikuwepo, utani haukuwepo.

Niliomba radhi. Nikasema neno lilikuwa langu.

"Wewe utarudi Musoma," akasema. "Mimi nabakiga hapa. Jumapili kwenye jumuiya nimesimama kusoma Injili, mmoja akasema kwa nyuma, msomaji wetu wa dawa ya Musoma. Nikafunga kitabu nikakaa."

Hakulia. Ningeona nafuu angelia.

"Mama, jicho la kulia bado linaweza kuokolewa."

"Na nani atanipeleka? Lucy anajifungua wakati wowote. Gari ni la Burito, na Burito ni mkwe wangu. Umewahi kuona mkwe amemshika mama mkwe mkono anamzungusha kwenye hospitali? Nitaenda baada ya kuvuna."

Huko kwao mkwe hakai karibu na mama mkwe, hali naye, hamgusi, hata kusemeshana ni kwa kupitia mtu mwingine. Hata kwetu Tarime ni hivyo. Nikamaliza uji.

Alhamisi, 24 Aprili

Bunda. Lucy amejifungua mtoto wa kike. Habari njema ya kwanza mwezi huu.

Jumanne, 29 Aprili

Simu iliingia tukiwa tunafunga meza. Alikuwa Lucy, mtoto analia kwa nyuma.

"Dada Rhobi, mama anasema kuna nywele nyeusi zinaogelea jichoni. Halafu imekuja kama masizi. La kushoto halioni kitu."

Mishipa imepasuka. Niliuliza la kulia, akasema bado anaona. Nikamwambia mama asiiname, asibebe kitu, alale kichwa kikiwa juu, na kesho asubuhi safari. Gari la utafiti haliruhusiwi kubeba mgonjwa. Burito akapewa simu, nikamwomba atupeleke. Akakubali kabla sijamaliza, kisha akasita.

"Lakini lazima kuwe na mtu katikati, dada. Unajua mwenyewe."

Jioni, Musoma, nikamwomba Daktari Gibson ruhusa ya siku mbili. Akasema chukua hata tatu, na akampigia daktari wa macho wa Mwanza mbele yangu.

Jumatano, 30 Aprili. Mwanza

Tulitoka Butiama mvua inanyesha. Burito anaendesha Probox yake, mimi na mama Petronila tumekaa nyuma. Yeye alijifunika kanga kichwani mpaka usoni na kugeukia dirisha. Burito aligeuza kioo cha katikati kikaangalia paa.

"Dada Rhobi, mwambie mama afunge mkanda."

"Mama, Burito anasema ufunge mkanda."

"Mwambie mkwe nimeshafunga."

"Amefunga."

"Mwambie nitaendesha polepole, asiogope mashimo."

"Mwambie siogopi. Mwambie amwangalie ng'ombe yule."

Yule ng'ombe alikuwa kweli barabarani. Burito akakanyaga breki. Ndani ya gari dogo namna ile, kila neno linasikika kwa wote, na bado lilipaswa kupita kwangu. Bunda nilipitisha habari za mbuzi, Lamadi habari za jina la mtoto, Magu habari za chai. Kabla ya kufika Mwanza sauti ilikuwa imekwisha, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nilikuwa nimecheka. Mama Petronila naye alicheka chini ya kanga. Kisha akanitafuta mkono, akaushika, hakuuachia.

Daktari wa macho alimchunguza muda mrefu. Alikuwa mama wa makamo, mpole, lakini hakupindisha. La kushoto limejaa damu. Watasubiri waone kama itanyonywa na mwili, pengine upasuaji, pengine hapana. La kulia leza inafanyika leo leo.

Kabla ya leza walimtia matone. Muuguzi kijana akasema kwa uchangamfu, "Tunakuwekea dawa, bibi."

Mama Petronila akamshika mkono wa koti. "Ya kuponya au ya kupimia?"

Yule muuguzi akaduwaa. "Ya kupanua mboni, bibi. Ili leza ione."

"Basi sema hivyo."

Nilimsubiri nje kwenye benchi. Burito alikaa mwisho wa korido, mbali, amempa mgongo mlango kwa adabu, na kila mlango ulipofunguka mabega yake yaliruka. Kijana huyu nilidhani anajificha nyuma ya mila. Anampenda yule mama kwa namna iliyoruhusiwa.

Daktari aliniambia faragha kwamba angekuja Machi, la kushoto nalo lingekuwa na nafasi nzuri. Nililitarajia. Bado liliniuma. Sina pa kulipeleka, naliandika hapa.

Alhamisi, 8 Mei

Bunda. Jua siku nzima. Sikujua la kufanya na mwavuli.

Jumanne, 13 Mei

Leza ya pili imefanyika, safari hii Lucy alikwenda naye na mtoto mgongoni. La kulia limetulia. La kushoto anaona mwanga na kivuli tu. Tunaita sasa "matone ya kupimia." Justina amekosea mara moja, akajizaba kofi la mdomo mbele ya mgonjwa.

Walioandikishwa mwezi huu ni wachache sana. Daktari Gibson amewaandikia wafadhili kuomba utafiti uongezewe miezi. Hajui kama watakubali. Mimi sijui kama natamani wakubali.

Jumanne, 27 Mei. Butiama

Siku ya mwisho ya msimu. Leo ni kutoa damu ya pili kwa wale tuliowatoa mwanzo, tulinganishe. Kati ya wale wa Machi wengi hawakuja.

Nilikuwa nimeinama kwenye mirija niliposikia kiti kinavutwa. Mama Petronila. Amegeuza kichwa kidogo ili jicho la kulia linipate vizuri. Nyuma yake benchi lilikuwa na watu wapya wachache, wamefika kusikiliza.

"Nimeambiwa mnataka damu yangu tena."

"Ukikubali, mama. Si lazima."

"Itanirudishia jicho la kushoto?"

"Hapana, mama."

"Italinda hili la kulia?"

"Hapana. Hilo linalindwa na leza, na sukari ikishuka. Hii tunaipeleka maabara tuone wale mashangazi wamesema nini ndani yake. Labda miaka mingi ijayo mtu atatolewa damu tu, aambiwe mapema, asingoje mishipa iote kama yako."

"Mtu gani?"

"Simjui. Pengine bado hajazaliwa."

"Na mimi napata nini?"

Nilikuwa na maneno mazuri ya kumjibu, tumefundishwa. Nilichoka nayo. "Hupati kitu, mama. Utapata kidonda kidogo mkononi."

Justina akaacha kazi yake kutuangalia. Kisha mama Petronila akaanza kukunja mkono wa blauzi, taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka juu ya kiwiko.

"Leo ndio nimeelewa mnachoombaga," akasema. "Chukua. Lakini kwanza rudia kwa sauti, hawa wa nyuma hawajasikia."

Nikasimama. Nikawaambia watu wa benchi kwamba damu ninayochukua haimtibu mtu yeyote aliyekaa hapa, si leo wala mwakani. Wachache waliinuka wakaondoka. Waliobaki walisogea mbele, wakakaa karibu naye.

Nikamfunga mpira mkononi, nikatafuta mshipa.